Una siku kumi tu Ulaya? Fuata reli moja

Msimu wa likizo ukikaribia, simu zetu hujaa matangazo ya safari za Ulaya: nchi saba kwa siku kumi, miji minane kwa wiki moja na nusu, Mnara wa Eiffel upande huu, Colosseum upande ule, na katikati treni inayokata milima yenye theluji. Anayeyasoma ni mtu aliyeweka akiba kwa miaka, au mfanyakazi aliyealikwa kwenye mkutano Geneva akaomba siku chache za ziada, au mzazi anayekwenda kumwona binti yake Rotterdam. Fedha zao zina kikomo, na siku zao zina kikomo zaidi. Wote huuziwa kitu kilekile: orodha ndefu ya majina ya miji.

Naipinga orodha hiyo. Mwenye siku kumi asianze na miji anayoitamani, aanze na reli. Achague njia moja ambayo miji yake imefuatana, aingie Ulaya kwenye ncha moja ya njia hiyo na kutokea kwenye ncha ya pili, na mji usiokuwa njiani auache, hata uwe na sifa gani. Akifanya hivyo atahesabu bendera chache, lakini ataongeza saa za kuwa nje ya treni, nje ya foleni na mbali na mapokezi ya hoteli. Saa hizo ndizo alizozilipia.

Hesabu ya saa

Tuchukue orodha ya aina inayouzwa sana: Paris, Amsterdam, Berlin, Praha, Vienna, Venezia na Roma. Paris hadi Amsterdam ni saa 3 na dakika 20. Amsterdam hadi Berlin ni kama saa 6. Berlin hadi Praha ni saa 4 na kidogo, na Praha hadi Vienna ni saa 4 nyingine. Vienna hadi Venezia ni saa 7 hivi, na Venezia hadi Roma ni karibu saa 4. Jumla inafika saa 28 za kukaa kitini, na hapo tumechukulia kwamba treni zote zimefika kwa wakati.

Bado hatujahesabu kuhama kwenyewe. Kila unapobadili mji unafunga mizigo, unakabidhi chumba kabla ya saa 5 asubuhi, unawahi stesheni, unashuka mahali usipopajua, unatafuta hoteli, kisha unaambiwa chumba kitakuwa tayari saa 9 alasiri. Nikikadiria kwa upole, hayo yanakula saa 3. Mara sita ni saa 18. Zijumlishe na zile za njiani, unapata saa 46. Siku ya mtembezi, kuanzia kifungua kinywa hadi chakula cha jioni, ina saa kama 12. Kwa hiyo karibu siku nne kati ya kumi zimeishia kwenye kuhama, na sita zilizobaki zinagawanywa kwa miji saba. Kama tiketi ya ndege ni ya kwenda na kurudi Paris, ipo safari nyingine ndefu ya kutoka Roma kurudi ulikoanzia, na hiyo nayo inadai siku yake.

Sasa chukua njia moja: Paris, Zürich, Firenze, Roma. Paris hadi Zürich ni saa 4. Zürich hadi Milano ni saa 3 na dakika 20 hivi, unabadili treni, na Milano hadi Firenze ni kama saa 2. Firenze hadi Roma ni saa 1 na nusu. Njiani utakaa saa 11. Utahama mara tatu tu, nazo ni saa 9. Jumla ni saa 20, chini ya siku mbili. Umeiacha miji mitano ya ile orodha, lakini umejirudishia saa 26, zaidi ya siku mbili nzima za kutembea, kukaa, kula na kuzungumza na watu. Ndege nayo haina shida: yapo mashirika, likiwamo la Ethiopia, yanayotua Paris na Roma pia, kwa hiyo unaweza kukata tiketi ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine.

Ramani haitoshi

Orodha ndefu hutungwa na mtu aliyetazama ramani bila kutazama ratiba. Kwenye ramani miji huonekana kukaribiana kwa kilomita, ilhali kwenye reli umbali hupimwa kwa umri wa njia na umbo la ardhi. Ufaransa ilifungua reli yake ya kwanza ya mwendo kasi, kati ya Paris na Lyon, mwaka 1981, na leo safari hiyo ya zaidi ya kilomita 400 huchukua saa 2. Hispania ilianza mwaka 1992 kwa Madrid na Sevilla, na ilipokamilisha Madrid hadi Barcelona mwaka 2008, kilomita 621 zikawa za saa 2 na nusu. Njia hizi zilijengwa upya, zimenyooka, na treni hukimbia kilomita 300 kwa saa. Msomaji aliyepanda treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma ameona reli mpya inavyobadili maana ya umbali, na upana wa reli ile ni uleule wa milimita 1,435 unaotumika sehemu kubwa ya Ulaya. Tofauti ni mwendo: treni ya Ufaransa hukimbia karibu mara mbili ya kilomita 160 kwa saa, ambazo ndizo kikomo cha treni yetu.

Kwingineko, treni mpya na nzuri hupita kwenye njia za karne ya 19. Anayetoka Vienna kwenda kusini hupanda mlima Semmering kwa reli iliyofunguliwa mwaka 1854. Ni njia ya kupendeza, UNESCO imeiweka kwenye urithi wa dunia tangu mwaka 1998, lakini kona zake haziruhusu haraka. Na Madrid na Lisbon, miji mikuu ya nchi mbili zinazopakana, hazijaunganishwa na treni ya moja kwa moja tangu mwaka 2020. Ukitaka kwenda kwa reli unabadili treni zaidi ya mara moja na siku yako yote inaishia humo. Anayechora mstari kwa kidole kwenye ramani hawezi kuyajua haya.

Kwa hiyo kaa na ratiba kabla ya kukaa na wakala. Tovuti ya shirika la reli la Ujerumani, Deutsche Bahn, huonyesha treni za sehemu kubwa ya bara zima, siyo za Ujerumani peke yake. Mwingereza Mark Smith, aliyewahi kufanya kazi kwenye reli, ameendesha tangu mwaka 2001 tovuti ya The Man in Seat Sixty-One, inayoeleza njia kwa njia namna ya kusafiri kwa treni, tena bure. Jioni moja ya kusoma hapo ina faida kuliko kipeperushi chochote.

Wengine hutaka kuokoa muda kwa treni za usiku, ambazo zimepata uhai mpya tangu shirika la reli la Austria lilipochukua njia kadhaa za Wajerumani mwaka 2016 na kuziendesha kwa jina la Nightjet. Aliyesafiri na TAZARA hatakuwa mgeni: vyumba vina vitanda vinne au sita vya kupandiana. Ninazipenda, na zinaokoa malipo ya hoteli. Lakini katika siku kumi ninashauri usiku mmoja wa namna hiyo, usizidi. Usingizi wa kwenye treni ni mwepesi, na mwili uliotoka kwenye ndege ya usiku hauvumilii kunyimwa mara tatu mfululizo.

Njia ya kusini

Nimeichagua njia ya Paris hadi Roma kwa sababu inaonyesha faida ya reli kuliko maneno yangu. Fikiria umetua Paris Alhamisi asubuhi. Unalala hapo mara tatu. Siku ya kwanza ni ya uchovu, ikubali, tembea kando ya mto Seine na ulale mapema. Ijumaa na Jumamosi ni za mji wenyewe. Jumapili unapanda treni ya Zürich kwenye stesheni ya Gare de Lyon. Paris ina stesheni kubwa sita na kila moja ina upande wake wa nchi: za Amsterdam na London huondokea Gare du Nord. Soma jina la stesheni kwenye tiketi kabla ya kusoma saa.

Zürich unalala mara mbili, Jumapili na Jumatatu. Jumapili maduka mengi ya Uswisi hufungwa, kwa hiyo si hasara kuitumia njiani, na ukihitaji chakula maduka ya stesheni huwa wazi. Jumatatu unakwenda Luzern, chini ya saa moja kwa treni, mji wa ziwa na milima, na jioni unarudi kwenye kitanda chako kilekile. Treni za ndani za Uswisi hazidai uweke nafasi ya kiti, unapanda inayofuata. Uswisi ni ghali kuliko wenzake, ndiyo maana nimeipa kulala mara mbili tu.

Jumanne unavuka Alps. Handaki la Gotthard lililofunguliwa Juni 2016 lina urefu wa kilomita 57, ni refu kuliko handaki lolote la reli duniani, na treni hulipita kwa muda wa kama dakika 20. Ila ile njia ya zamani ya mlimani, iliyofunguliwa mwaka 1882 ikiwa na handaki la kilomita 15, bado inafanya kazi. Treni yake hupanda kwa kuzunguka ndani ya mlima, na kanisa dogo la kijiji cha Wassen huliona mara tatu: kwanza liko juu yako, halafu mko sawa, halafu liko chini. Njia hiyo huongeza kama saa moja. Mwenye miji minne anaweza kuitoa saa hiyo na kuona jinsi wahandisi wa karne ya 19 walivyoshindana na mlima. Mwenye miji saba hana ruhusa hiyo, atapita chini gizani kwa sababu saa 12 jioni anasubiriwa kwingine. Ukitoka upande wa kusini bado uko Uswisi, lakini vibao vimegeuka kuwa vya Kiitaliano, mitende inaonekana kando ya ziwa la Lugano, na hewa ni nyingine. Badiliko hilo huwezi kulipata ukiwa angani.

Milano unabadili treni kwenye stesheni kubwa ya mwaka 1931, kisha Firenze unalala mara mbili. Stesheni yake iko katikati ya mji: unatembea kwa miguu hadi kwenye kanisa kuu lenye kuba la Brunelleschi, lililokamilika mwaka 1436. Jumatano ni ya makumbusho ya Uffizi na sanamu ya Daudi ya Michelangelo kwenye jengo la Accademia. Alhamisi asubuhi unaweza kwenda Pisa na kurudi kwa treni ya kawaida ya mkoa, saa moja kila upande, ambayo tiketi yake haina bei ya kupanda na kushuka. Alasiri unakwenda Roma. Ijumaa ni ya Vatikani na Colosseum, na Jumamosi unaondoka.

Siku za wiki sikuzipanga kwa kubahatisha. Louvre hufungwa Jumanne. Musée d'Orsay hufungwa Jumatatu, na Uffizi na Accademia vilevile. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi. Mtu akitua Paris Jumapili jioni na kuhama kila siku, anaweza kukuta milango imefungwa kila anapofika, na wakala hatamrudishia siku. Msimu nao una uzito uleule: mwezi Juni Paris ina mwanga wa jua kwa saa 16, na Desemba saa 8 tu. Siku kumi za Juni zina mwanga wa siku ishirini za Desemba.

Kama kusini hakukuvutii, zipo njia nyingine zenye tabia hiyohiyo. Berlin, Praha, Vienna na Budapest ziko kwenye mstari mmoja, na Vienna hadi Budapest ni kama saa 2 na dakika 40. Mwenye siku tano anaweza kufanya Amsterdam, Antwerpen, Brussels na Paris, kwani Brussels hadi Paris ni saa 1 na dakika 22. Aliyemaliza mkutano wake Geneva anafika Milano kwa saa 4, akipita handaki la Simplon la mwaka 1906. Miji hubadilika, kanuni inabaki ileile: njia moja, mwelekeo mmoja, hakuna kurudi nyuma.

Sisi tunaoomba viza

Miongozo mingi ya safari hizi imeandikwa kwa watu wasioomba viza. Huwaambia wanunue tiketi za treni miezi mitatu au minne kabla, zikiwa rahisi. Ushauri huo ni wa kweli, kwa sababu bei za treni za mwendo kasi hupanda kadiri siku inavyokaribia. Lakini tiketi rahisi kwa kawaida hairudishwi fedha, na mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya hajui kama atasafiri mpaka pasipoti irudi kutoka ubalozini. Hapo ndipo orodha ndefu inapotuumiza sisi kuliko wengine: kila mji ni hoteli nyingine ya kuthibitisha, tiketi nyingine ya kununua mapema au kununua kwa bei kubwa baadaye.

Eneo la Schengen, lililopata jina kutokana na kijiji cha Luxembourg ambako makubaliano yalitiwa saini mwaka 1985, sasa lina nchi 29 zinazotumia viza moja. Uswisi imo ingawa si mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Uingereza na Ireland hazimo. Anayetaka kuichomeka London katikati kwa treni ya Eurostar anahitaji viza ya Uingereza, na viza yake ya Schengen iwe ya kuingia zaidi ya mara moja ili aweze kurudi. Kwa siku kumi, London ibaki kwa safari nyingine.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kuliko siku 15 kabla. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na hairudi ukikataliwa. Bima ya afya inatakiwa iwe ya angalau yuro 30,000. Maombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa muda mrefu kuliko nyingine, siyo lazima ile unayotua kwanza. Kwa mpango niliouandika, Italia ina kulala mara nne, Ufaransa tatu, Uswisi mbili. Kwa hiyo ubalozi ni wa Italia, ingawa ndege inatua Paris. Mwenye miji saba ana nchi sita zenye siku moja moja au mbili mbili, na maelezo yake ubalozini huwa magumu kueleweka kabla hata ya kupimwa.

Ushauri wangu ni huu. Omba mapema iwezekanavyo. Hoteli ziwe za kufuta bila malipo. Viza ikitoka, nunua siku hiyohiyo tiketi tatu ndefu, nyingine zinaweza kusubiri. Ukiwa safarini, pasipoti halisi ikae mwilini, siyo nakala, siyo ndani ya sanduku. Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024, na katika mipaka mingine pia polisi huweza kuingia behewani na kukagua. Ni haki yao kuuliza, na ni haki yako kujibu bila hofu ukiwa na karatasi zako.

Kuhusu pasi ya treni, watu wetu huuliza sana. Eurail ilianza mwaka 1959 kwa wasioishi Ulaya, na Interrail mwaka 1972 kwa wakazi wake. Ndiyo maana mama anayetoka Tanga hununua Eurail na binti yake wa Rotterdam hununua Interrail, na wote hukaa behewa moja. Pasi inamfaa anayetaka kuamua asubuhi aende wapi, hasa Ujerumani, Austria na Uswisi ambako treni nyingi hazidai kuweka nafasi. Ufaransa, Italia na Hispania, treni za mwendo kasi hutaka ulipie kiti juu ya pasi, na nafasi hizo huisha. Kwa safari ya treni chache zinazojulikana tarehe, tiketi moja moja mara nyingi ni nafuu. Linganisha bei zote mbili kabla ya kulipa.

Acha nafasi ya kuchelewa

Ulaya nayo treni huchelewa. Mwaka 2024 ni asilimia 62.5 tu ya treni za masafa marefu za Deutsche Bahn zilizofika kwa wakati, na kwao hata dakika 5 za kuchelewa huhesabiwa kuwa ni kwa wakati. Uswisi huvuka asilimia 90 kwa kipimo kikali zaidi. Agosti 2023 treni ya mizigo iliacha reli ndani ya handaki la Gotthard, na huduma kamili ikarudi Septemba 2024. Agosti hiyohiyo ya 2023 maporomoko yalifunga reli ya bonde la Maurienne kati ya Ufaransa na Italia hadi mwisho wa Machi 2025. Kule Gotthard, treni za abiria zilipita njia ya zamani na kuchelewa kama saa moja. Mwenye nafasi kwenye ratiba yake alipoteza alasiri. Aliyebana alipoteza kila alichokiunganisha baada ya hapo.

Sheria za Umoja wa Ulaya humpa abiria robo ya nauli akichelewa kufika kwa saa 1 hadi karibu 2, na nusu ya nauli zikitimia 2. Ukiwa na tiketi moja ya safari nzima, shirika lina wajibu wa kukufikisha hata treni ya kuunganisha ikikuacha. Ukiwa na tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali, jukumu ni lako. Kwa hiyo pale Milano acha angalau saa moja na nusu. Italia huwa na migomo ya reli, lakini sheria inadai itangazwe siku 10 kabla, basi chunguza wiki moja kabla ya kusafiri. Na mizigo iwe ile unayoweza kuibeba mwenyewe kupanda ngazi. Najua zawadi za ndugu ni nyingi na kuzikataa ni vigumu. Zikabidhi kwenye mji wa kwanza, au ziache kwa anayekupokea, usizivute hadi Roma.

"Huenda nisipate viza tena"

Hoja nzito dhidi yangu nimeisikia mara nyingi, nayo naiheshimu. Mtu husema: mimi si Mjerumani anayeweza kwenda Paris wikiendi yoyote. Nimekusanya fedha kwa miaka, nimesimama foleni ya ubalozi, na sijui kama mlango huu utafunguliwa tena. Niache nione kila ninachoweza kukiona.

Maumivu yaliyo ndani ya maneno hayo ni ya haki. Pasipoti zetu hufungua milango michache, na gharama ya kubisha hodi tunailipa sisi. Lakini hitimisho lake silikubali. Kama ni mara moja tu maishani, basi kila saa ina thamani zaidi, na kuitupa kwenye kuhama ni hasara kubwa zaidi kwako kuliko kwa Mjerumani. Yeye akiipita Vienna kwa saa nne atarudi mwezi ujao. Wewe utabaki na picha ya jengo ambalo hukuingia, katika mji ambao hukumsalimia mtu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na mbio za miji saba huishia kwenye chumba cha hoteli karibu na uwanja wa ndege, miguu imevimba, huku majina ya makanisa yameanza kuchanganyika kichwani.

Wala njia moja haimaanishi kuona kidogo. Ukilala Paris unaweza kufika Reims kwa dakika 45 na kurudi bila kubeba sanduku. Ukilala Zürich unafika Luzern. Ukilala Firenze unaweza kufika Pisa au Bologna. Kwa vitanda vinne umefika miji saba, sawa na ile orodha, na mizigo umeihamisha mara tatu.

Wiki hii ukikutana na wakala, mwulize maswali matatu kabla ya kutoa hata shilingi. Nitakaa saa ngapi njiani kwa jumla, nikihesabu na kuhama hoteli? Nitatokea mji gani, na kwa nini si ule nilioingilia? Siku nitakayofika kila mji, ni nini kimefungwa? Wakala anayeijua kazi yake atakujibu hapohapo, tena atafurahi kuulizwa. Asiyejibu anakuuzia majina ya miji tu, na majina hayo yako bure kwenye ramani yoyote. Siku kumi zako zinastahili mtu aliyeisoma ratiba, na asipopatikana, isome mwenyewe.